Kamba Yenye Mafundo Sita

Mimi ni mshona kofia, na kazi ya kofia ni ya kukaa, ningeweza kabisa kukaa kwangu. Lakini kwangu yuko mama mkwe, na hapa pembeni mwa uwanja wa misafara iko kahawa ya Msabaha, basi mtanisamehe. Mwaka ule ilipoonekana nyota yenye mkia, baraza yetu ilikuwa na watu wanne wasiokosa. Msabaha mwenyewe na dele lake la kahawa. Mwinyimvua, tuliyemwita Kadhi, kwa kuwa kila jambo hulitolea hukumu wala hakuna aliyempa ukadhi. Kombo, tuliyemwita Nimefika, kwa kuwa huwezi kuutaja mji akakubali kwamba haujui, na sisi tunajua kwamba hajapita Kerege huku wala hajavuka mto Kingani kule. Na mimi, wananiita Sindano, nao wanasema si kwa ajili ya kazi yangu. Asubuhi hiyo ninayoisema wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa wakifunga mizigo, huyu anafunga, yule anafungua, jua limewahi kuwa kali, na sote tulikuwa hatutulii. Kofia niliyokuwa nikiitoboa niliiharibu mara mbili, nikamlaumu Kombo.

Ndipo akaja Tarcis wa misheni. Tulimzoea. Alikuwa mtu wa miaka ishirini na mitano hivi, kazi yake kujalidi vitabu, na kila mwezi hunipitia nimpe vipande vya nguo vilivyonibakia, anavigandisha kwenye migongo ya vitabu.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba, marahaba. Kaa upate kikombe, akasema Msabaha.

Akakaa. Kikombe hakijajaa, akasimama.

— Nina haraka. Sanduku langu linapigiliwa misumari kabla ya adhuhuri. Nimekuja kutaka shauri.

Ebo! Ungeona tulivyosogea. Hakuna neno linaloipendeza baraza yetu kuliko hilo, maana hatuombwi shauri na mtu, tunalitoa tu.

— Sanduku la kwenda wapi? nikamwuliza.

— Bara. Misheni wanafungua kituo kipya, mwendo wa siku ishirini. Nakwenda kufundisha watoto kusoma. Leo alasiri tunavuka Kingani.

— Wamekulazimisha?

— Hapana. Padri aliuliza nani atakwenda, nikanyanyua mkono hata hajamaliza.

Jambo hilo lilinichoma, nasema kweli. Tarcis aliletwa pwani mtoto, akiswagwa kwa fimbo pamoja na watu wengine, misheni wakamkomboa hapahapa mjini. Kila mtu alijua.

— Una wazimu wewe, nikamwambia. Njia ile uliteremshwa kwa fimbo, leo unaipanda kwa hiari yako?

— Mzee Sindano, shauri ninalotaka ni la kitabu. La njia nimekwisha kulikata.

Basi akatueleza. Mzigo wa mpagazi una kiasi chake, na kirangozi wa msafara akishaupima hakuna wa kumbembeleza. Sandukuni mna vibao vya watoto, dawa, sabuni, patasi mbili, na nafasi iliyobaki ni ya kitabu kimoja tu. Padri amemfungulia kabati, amemwambia achague atakacho. Naye amewauliza wenzake wa kazi, na kila mmoja amempendekezea kitabu akipendacho, tena kwa kumshika mkono.

— Wenzako wanajua kusoma? Mwinyimvua akauliza.

— Hata mmoja. Wanasikia. Kwetu wafanyakazi hula mchana pamoja, kimya, huruhusiwi hata kuomba chumvi, na mtu mmoja anasoma kwa sauti hadi chakula kiishe. Msomaji ni mimi. Vitabu ni vya Kifaransa, mimi navigeuza Kiswahili palepale, huku nasoma huku nasema.

— Na wewe unakula saa ngapi? nikamwuliza.

— Wakishamaliza. Kimepoa.

— Vitabu vya mapadri hivyo, akasema Mwinyimvua. Mimi simo.

Akatazama pembeni. Akapiga funda moja la kahawa.

— Cha kwanza kinasemaje?

Tarcis akakaa tena.

— Fransisko mpishi anataka nichukue kile cha mji uliozingirwa. Maadui wako nje, ndani chakula kimekwisha, watu wanachemsha ngozi za viti.

— Nimefika mji huo, akasema Kombo.

— Uko Ulaya, Kombo!

— Nimesema nimefika. Sikusema nimeingia.

— Hebu mwache aseme, wewe! nikamfokea. Enhe?

— Fransisko anapenda mahali pamoja tu. Siku ukuta unapobomolewa, watu wote wanakimbia, yuko mama mmoja hakimbii. Amemsimamisha mtoto wake mlangoni, anampima kwa kamba, toka kisigino hadi utosini. Anafunga fundo. Anamwambia, umekua. Fransisko amepika miaka kumi na mitatu, anasema siku niliyosoma hapo aliusahau mchuzi motoni, ukaungua, na yeye haunguzi mchuzi.

— Kichukue hicho, akasema Msabaha. Kitabu kinachomsahaulisha mpishi mchuzi ni kitabu.

— Ngoja, cha pili. Gertruda, yule mama anayefua, anataka cha jahazi lililovunjika. Watu wanakufa maji, mmoja tu anabaki juu ya mwamba.

— Huko ndiko nilikofika kweli, Kombo akasema.

Tarcis akaendelea.

— Gertruda anapenda pale maiti zinapotupwa pwani. Anakuja mama mmoja na kamba yenye mafundo sita. Kila mtoto aliyeletwa na maji anamlaza vizuri, anampima kwa kamba ile. Si huyu. Anakwenda kwa mwingine. Si huyu. Gertruda hakuweza kufua jioni ile.

Nikajichoma sindano kidoleni. Nikakinyonya, nikajifanya natafuta uzi.

— Na cha tatu ni cha Evarista, mshona nguo za watoto wa pale. Kina habari za binti aliyefungwa gerezani kwa ajili ya imani yake. Evarista habari za binti hazijui sana. Anampenda bibi anayekuja kila siku mlangoni mwa gereza, ana kamba mkononi, anawauliza askari: hajapita hapa mtoto wa kimo hiki? Na Evarista akaniuliza: mbona hafungi fundo la saba?

— Subiri, akasema Mwinyimvua. Subiri kwanza. Kamba hiyo ina mafundo mangapi?

— Sita.

— Na ya pwani?

— Sita.

— Na ya mjini kwenye ukuta?

Tarcis akasimama. Akatazama uwanjani wanakofunga mizigo.

— Alipofunga lile, yalitimia sita.

— Lo! Vitabu vitatu, mama mmoja! akasema Msabaha.

Hapo baraza ikachafuka. Aliweka dele chini, jambo ambalo halifanyi hata ukimwambia nyumba yake inaungua.

— Mimi nimejua, akasema Mwinyimvua. Hiyo ni alama. Marobota ya nguo za merikani hayapigwi muhuri? Pembe za ndovu hazitiwi alama ya mwenyewe? Basi huyo apigaye vitabu chapa kule Ulaya amemtia mama yake katika kila kitabu, ili kikiibwa ajue ni chake. Nimemaliza.

— Hujamaliza kitu, akasema Kombo. Huyo ni jini. Jini wa karatasi. Mimi huko Kaole makaburini nimemwona mmoja wa namna hiyo, na kamba yake.

— Kamba ya nini, Kombo? nikamwuliza.

— Ya kupimia! Karatasi inatengenezwa kwa matambara ya watu, au hamjui? Matambara ya mama huyo yamechanganywa humo na yeye hajaridhika. Karatasi zote za mtambo huo ni kama mgonjwa mmoja, zimepandwa na jini yule yule.

— Mtume! akasema Msabaha. Nyinyi hamwoni lililo wazi. Huyo mama anatembea. Anamtafuta mtoto. Ameanzia kitabu cha kwanza hakumpata, akaingia cha pili hakumpata, sasa yuko cha tatu anauliza askari. Kabati la misheni lina vitabu vingapi?

— Sitini na kitu, akasema Tarcis kwa sauti ndogo.

— Basi akimaliza sitini na kitu atatoka! Atakwenda wapi? Atashuka mjini na kamba yake, atupime sote hapa barazani!

Mwinyimvua akakunja miguu yake chini ya kanzu. Mimi nilitaka kucheka nikashindwa.

— Upuuzi mtupu, nikasema. Huyo ni malkia. Malkia wa kweli, alipotelewa na mwanawe, akatoa amri kila mwandishi amwandike, popote mtoto alipo asome ajue anatafutwa. Sharti la serikali hilo. Asiyemtia, kitabu chake kinachomwa.

Nilijipenda kwa neno hilo. Nilimtazama Tarcis nione kama limemwingia. Alikuwa amejishika kichwa.

— Wazee, nyamazeni. Nawaomba.

— Tunakusaidia!

— Hamo! Hamo katika kitabu hata kimoja. Nimemtia mimi.

Msabaha alikuwa akinijazia kikombe. Kahawa ilifurika ikaniunguza paja, wala sikumtukana.

— Umemtia vipi?

— Kifaransa changu ni cha kuokoteza. Siku moja, katika kile cha mji uliozingirwa, nikafika mahali sijui neno. Wala lililofuata. Watu arobaini wamenyamaza, vijiko vimesimama, wote wananitazama. Nitawaambia nini? Likanitoka kinywani. Mama mmoja alikuwa na kamba.

— Likakutoka tu?

— Mara ya kwanza niliona haya, usiku sikulala. Mara ya pili nikaona raha. Baadaye nilikuwa najifanya neno silijui, na neno nalijua. Nilikuwa napitisha kurasa haraka nipate mahali pa kumweka. Sasa wenzangu wananishika mkono, chukua hiki, chukua hiki, usikose hiki. Nimekaa mbele ya kabati toka alfajiri. Kila mtu amenipa kitabu, na alichokipenda hakimo.

— Mama gani huyo? nikamwuliza. Nilikuwa nimekwisha kujua, nikauliza hivyo hivyo.

— Mama yangu.

Akakaa, na safari hii akakaa kweli.

— Alikuwa anatupima hivyo kwetu. Kamba ya gome la mti, kila mavuno fundo moja. La sita alilifunga, siku ya pili yake akanituma shambani nikafukuze ndege kwenye mtama. Huko ndiko nilikokamatwa. Yeye alikuwa nyumbani. Sikusikia kelele kijijini, sikuona moshi, kwa hiyo pengine yeye hawakumpata. Pengine yupo.

— Ndiyo maana ulinyanyua mkono, nikasema.

— Ndiyo maana.

Nilijuta kumwita mwenye wazimu. Nilitaka kumwambia, lakini mimi maneno ya namna hiyo hayanitoki, nikampa kipande cha kashata changu. Alikishika, hakukila.

— Padri anajua? akauliza Msabaha.

— Mapadri wanakula chumba kingine.

— Kuna makosa hapo, akaanza Mwinyimvua, na sisi tukajua hukumu inakuja. Kitabu cha mtu ni amana. Umeingiza ndani yake neno ambalo mwenyewe hakulisema, umewapa watu wakaamini. Kwa kipimo chochote hilo ni kosa.

— Najua.

— Sijamaliza. Nauliza: mwenye kitabu amelalamika?

— Hata hajui.

— Waliosikia wamedhurika?

— Mchuzi uliungua, akasema Msabaha.

— Mchuzi tutausamehe. Basi mimi nahukumu hivi. Nenda bara, mtafute mama yako, na ukimpata mwombe radhi kwa kumtembeza Ulaya yote bila ruhusa yake. Nimemaliza.

Tarcis alicheka, na sisi tukacheka, lakini hakikuwa kicheko cha kudumu. Kivuli cha ukuta kilikuwa kimekwisha kupungua hadi miguuni mwetu na sanduku bado lilikuwa wazi.

— Basi kitabu? nikamhimiza. Amua. Cha mpishi, cha dobi, au cha mshonaji?

— Cha Evarista.

— Kwa nini hicho?

— Yeye peke yake ndiye aliyeuliza fundo la saba. Nikafikiri, nikikisoma huko, kwa watoto, labda nitajua la kumjibu.

— Na binti wa gerezani?

— Nitamsoma naye pia, maskini. Safari hii nitamsoma vizuri.

Wakati huo akaja mtu kutoka uwanjani, mwendo wa haraka, kilemba chenye manyoya kichwani na shuka nyekundu begani. Hata asiyejua angejua kwamba huyu ndiye kirangozi, mwenye kuuongoza msafara. Alikuwa Mnyamwezi, jina lake Kulwa, na pale barazani hakuwahi kukaa hata siku moja. Hana wakati, na sisi tulikuwa tunamwogopa kidogo.

— Salaam alaikum. Mwalimu, fundi ameshika nyundo anakungoja. Mzigo nimeupima mara mbili. Kitabu kiko wapi?

— Kabatini. Chembamba, jalada la kijani. Nakuja kukitoa.

— Haya, twende.

Nao wangekwenda. Ni Kombo aliyemshika Kulwa shuka. Kombo Nimefika, wallahi, sikuwahi kumwona na uso ule.

— Kulwa, ngoja. Wewe umefika kweli huko.

— Huko wapi?

— Bara. Kote. Sisi hapa tunasema tu. Huyu bwana mdogo ana mama yake huko. Alipokuwa mtoto mama huyo alikuwa akimpima kwa kamba ya gome la mti, kila mavuno fundo. Alichukuliwa shambani, mama akabaki. Wewe unapita huko kila mwaka. Hujamsikia?

Nilidhani Kulwa atakasirika kwa kucheleweshwa. Alimtazama Tarcis, kisha akachuchumaa mbele yake, fimbo yake akailaza chini.

— Ulichukuliwa ukiwa na umri gani?

— Mafundo sita.

— Mtama wenu mweupe au mwekundu?

— Mwekundu.

— Mto mliokuwa mkichota, unakauka kiangazi?

— Unabaki mchanga. Tunachimba kwa mikono.

— Milima mnaiona jua linapochomoza au linapozama?

— Linapozama.

Kulwa alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayehesabu kambi.

— Ni mbele ya Miono, mbali sana mbele. Napajua huko. Ipo miji mitatu, minne, wanayopima watoto hivyo. Miwili inakaa watu bado.

Tarcis alinyanyuka nusu, akakaa. Kashata ilikuwa imevunjika kiganjani mwake. Msabaha akasema alhamdulillahi kwa sauti, na Mwinyimvua naye akasema, wala hakukumbuka kutoa hukumu. Mimi nilifurahi kama ni mama yangu.

— Sikiliza, mwalimu, akasema Kulwa. Kazi hii naifanya siku zote. Watu wa pwani wananipa majina ya ndugu zao, nami kila kambi nasimama sokoni naita. Safari iliyopita nilibeba majina kumi na mawili. Mawili yaliitika. Mmoja alikuwa bibi mzee, alitoka ndani na mwiko mkononi. Nitakuitia huyu wako katika miji yote miwili, na ile iliyovunjika nitauliza walikohamia.

— Utamwita?

— Nitamwita. Jina lake nani?

Tarcis akafungua kinywa.

Tulimtazama. Mwinyimvua aliinama mbele kabisa. Nilimwona Tarcis analitafuta, macho yake yanakwenda huku na huku, midomo inaanza neno na kuliacha, inaanza jingine na kuliacha. Sisi wanne, ambao kwa vikombe viwili vya kahawa tulikuwa tumekwisha kumfanya mama yule muhuri, na jini, na msafiri, na malkia, hakuna aliyekuwa na neno la kumpa.

— Mama, akasema. Nilikuwa namwita mama.

Kulwa hakucheka.

— Wewe ndiyo. Na jirani, wakimwita ng'ambo ya uwanja? Baba yako, akimwita?

Tarcis alianza kulia, wazi, mbele ya wazee, wala hakuna aliyemwambia anyamaze. Kulwa alibaki amechuchumaa mbele yake, anangoja ajibiwe.